Dakika Tisa

Kitabu kililetwa kutoka Dar kimevikwa nailoni,
kurasa zake haziingii mchuzi.
Ukurasa wa kumi na nne: tambi, maji yakishachemka,
dakika tisa.
Si nane. Si kumi. Tisa, kwa wino mwekundu.

Ukutani juu ya kaunta yupo Bibi Rozalia,
mwenye mgahawa, au mwenye sura ya mgahawa,
unga shavuni, kitambaa kichwani,
anacheka vilevile Dodoma, Arusha, na hapa Kabwe.
Wateja huniuliza kama bado yu hai.
Nawaambia ukurasa huo sijapewa.

Mimi ni Subilaga Mwakalukwa, wa jikoni.
Nimezaliwa Isongole, ambako maharage
hubandikwa kabla ya ibada ya kwanza,
na yakipakuliwa, mchungaji ameshaamka usingizi wa mchana.
Sisi wa milimani tunayajua maji yetu:
yana pupa ya kuchemka, uvivu wa kuivisha.
Hupiga kelele mapema, kama mtu anayeapa
kabla hajaulizwa.
Kwa hiyo miezi saba nilipika dakika kumi na tatu,
nikamgeuzia kitabu mgongo.

Julai, ukungu umeshuka Loleza mpaka mlangoni,
akaja mkaguzi, Bwana Mwinyikondo,
koti jipya, lebo bado inaning'inia kwapani.
Akaweka saa yake ya kuhesabia kando ya jiko,
kimya, kama anayetega panya.

Nikapika tisa.
Nikamwaga maji, nikamimina nyanya, nikanyunyiza jibini
iliyosafiri kuliko mimi,
nikampelekea kwa mikono miwili.

Alitafuna.
Nilimsikia akitafuna, nami niko dirisha la jikoni.
Meza ya saba, Mwalimu Anyandwile na wanawe wanne
wameagiza supu moja na mikate,
ile ya vitunguu saumu, ambayo tangazo linasema haina mwisho,
na kitindamimba anaipima ahadi hiyo,
mkate wa sita sasa, macho kwangu,
anataka kuona mwisho wameuficha wapi.
Kwetu hakuna anayeandika ukutani kwamba ndizi haziishi.
Zinaletwa tu,
mpaka mgeni aifunike sahani kwa kiganja.

“Dada, hizi zimeiva?”
“Kwa mujibu wa kitabu, zimeiva.”
“Na kwa mujibu wako?”

Nikamwingiza jikoni. Sufuria inatokota kwa mbwembwe,
nami nikazamisha kipimajoto
nilichoazima kwa Tumpe wa maziwa:
tisini na nne.
Haipandi zaidi, hata ukiongeza gesi, hata ukiomba.
Aliyatazama maji yale
kama mzazi aliyeitwa shuleni.
Kisha akauliza bei ya maparachichi.

Mwezi wa tisa likafika toleo jipya.
Bibi Rozalia amebadilishiwa kitambaa, sasa cha kijani.
Mikate imepata mwisho: mitatu kwa kila supu.
Ukurasa wa kumi na nne uko palepale,
dakika tisa, wino mwekundu,
ila nailoni yake imepasuliwa pembeni,
kwa wembe, kwa uangalifu wa mtu mwoga,
na ndani imepenyezwa karatasi ya risiti:
*Mbeya ongeza nne. Usinitaje.*

Nimeirudishia humo humo.

Jumamosi yule kitindamimba alikuja tena na baba yake,
viatu vina tope la Mwanjelwa, mikono ameiosha mwenyewe.
Aliniuliza kama bado haina mwisho.
Nikamwambia mimi ni mpishi, hesabu ni ya kaunta,
na kaunta leo inaumwa jino.
Alifika wa tisa,
akasinzia juu ya meza,
kipande kimoja kimebaki kwenye ngumi.